Mwaka Malawi Walipopiga Kura Tena

Winfrida Ezekieli alikuwa mkunga wa Ilongero, binti wa mkulima wa alizeti, na alifikisha miaka thelathini na minne bila kuvuka mpaka wowote. Mwanzoni mwa mwaka 2020 alichaguliwa kwenye mpango wa kubadilishana wauguzi, akapelekwa katika hospitali moja ya wilaya kaskazini mwa Malawi. Alitakiwa kukaa miezi minne. Ikaja korona, mpaka ukafungwa, akabaki hukohuko.

Kazi haikumpa shida. Uchungu wa kuzaa ni uleule, na glovu ziliadimika kule kama kwao. Kilichokuwa kigeni ni mabishano ya wodini. Mahakama ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais wa mwaka uliotangulia, baada ya karatasi za matokeo kuonekana zimepakwa rangi nyeupe ya kusahihishia, na sasa nchi nzima ilikuwa inarudia kura. Wauguzi walijadiliana huku wakifunga dripu. Winfrida alisikiliza tu. Baba yake, Mzee Ezekieli, alikuwa amemwonya kwenye simu: "Uchaguzi wa watu huo, mwanangu. Wewe zalisha."

Siku ya kura, Jumanne moja ya Juni, wodi ilikuwa kimya kuliko kawaida. Wafanyakazi walipokezana kwenda kituoni. Alasiri, baiskeli ya abiria iliingia getini ikimbeba mwanamke aliyelala mgongoni mwa dereva. Mume wake, Mateyo, alikuwa anakimbia nyuma huku amebeba viatu vya mkewe.

Mwanamke aliitwa Tiwonge. Alikuwa na mimba ya miezi tisa na kovu la upasuaji wa uzazi wa kwanza. Tumbo lilikuwa limeacha kubana, na Winfrida alipoligusa alielewa mara moja: mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka. Akampachika kipimo cha oksijeni kidoleni, kikagoma kusoma kwa sababu ya wino wa kura. Akakihamishia kidole kingine. Namba iliyotokea ilikuwa mbaya.

"Mtaalamu wa usingizi yuko wapi?" aliuliza.

"Kwenye foleni ya kura," muuguzi mwenzake alijibu. "Tumeshampigia, yuko njiani."

Wakati wanamsubiri, Tiwonge alifumbua macho. Alikuwa amewahi kufanya biashara ya vitenge Kasumulu na Tukuyu, ng'ambo ya mpaka, na alipolisikia jina la Winfrida na lafudhi yake akaanza kuongea Kiswahili, ambacho pale ndani hakuna mwingine aliyekielewa.

"Dada, uchungu ulinianza asubuhi," alisema. "Nikamwambia Mateyo twende hospitali. Akasema vumilia, wamebaki watu wachache mbele yetu. Safari hii hawatatuibia." Akavuta pumzi. "Laiti nisingemsikiliza."

"Usiongee, dada. Pumzika. Daktari anakuja."

Daktari alikuja, na mtaalamu wa usingizi alikuja, kidole chake bado kibichi kwa wino. Mtoto wa kiume alitolewa akiwa ameshakufa. Tiwonge alimfuata kabla jua halijazama, mezani palepale.

Mateyo alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Alipoambiwa hakulia. Alimwangalia Winfrida akauliza, kwa Kiswahili chake cha mpakani, "Wewe ulikuwa naye. Alisema kitu?"

"Hapana, kaka," Winfrida alijibu. "Hakusema kitu."

Jumamosi matokeo yalitangazwa. Upinzani ulikuwa umeshinda, na mji mzima ukatoka barabarani na honi, masufuria na nyimbo. Winfrida alikuwa zamu. Mwenzake alimkumbatia, akamwambia ana bahati kushuhudia historia. Siku chache kabla, makaburini, mzee mmoja wa chama cha upinzani alikuwa amesema kwamba Tiwonge ametoa uhai wake kwa ajili ya nchi, na watu wakapiga makofi. Mateyo alikuwa ameinamisha kichwa.

Winfrida alirudi Ilongero baada ya mpaka kufunguliwa. Walimchinjia mbuzi. Wanawake wa kanisani walitaka habari za ng'ambo, akawaeleza juu ya ziwa na samaki wadogo wa kukaanga. Lakini baba yake aliona kwamba chakula hakishuki, na jioni, wakipukuchua alizeti, akamuuliza. Winfrida akamsimulia yote.

"Ulifanya vizuri kumficha mumewe," Mzee Ezekieli alisema. "Mtu hawezi kuishi na jambo kama hilo."

Winfrida alijitahidi kuamini hivyo. Kisha, mwaka uliofuata, Mateyo akapiga simu.

"Dada Winfrida, shida yangu ni usingizi," alisema. "Kila nikilala najisikia nikimwambia avumilie. Watu wananiita mume wa shujaa. Mimi ndiye niliyemshikilia pale kwenye foleni. Niambie kweli. Alilikumbuka hilo?"

Winfrida alikuwa amesimama nje ya wodi, na ndani kulikuwa na mama anayemsubiri. Alimfikiria Tiwonge, aliyesema maneno yake ya mwisho kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo akayafukia.

"Alikumbuka, kaka," alisema. "Alisema laiti asingekusikiliza."

Mateyo akasema, "Asante," kwa sauti ya kawaida kabisa, akakata.

Winfrida alimpigia wiki ile na wiki iliyofuata. Simu haikupatikana. Aliwaandikia wauguzi wa kule. Walimjibu kwamba Mateyo amehama, amemwacha mtoto wao wa kwanza kwa bibi yake, na aliko hakujulikani.

Mpaka leo Winfrida hajui kama alimpa Mateyo kilicho haki yake au alimmaliza. Baba yake haulizi tena. Yeye anazalisha, anarudi nyumbani, na namba ya Mateyo hajaifuta kwenye simu.