Nadhiri za Mdogo Wangu kwenye Televisheni Yetu

Mama alikubali Jumapili, tulipotoka misa, akiwa bado na kitambaa chake cha kanisani kichwani.

"Muzuri, weka ile kintu," alisema. "Nitaangalia kidogo tu."

Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Si hapo anapokaa siku zote. Nilielewa kwamba alitaka pa kutokea.

Ile "kintu" ilikuwa disque dur, kisanduku cheusi cha kuhifadhia mafaili, kinachoenea kiganjani, ambacho padri mmoja alituletea kutoka Italia. Ndani mlikuwa na video moja tu, misa nzima ambamo mdogo wangu alifunga nadhiri za daima. Kwa Mama tumezaliwa wawili, wasichana watupu. Mimi ni mwalimu hapa Ruashi na ninaishi naye. Mdogo wangu aliingia utawa, wakamtuma kule kusoma. Papa, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, aliugua na kufariki mdogo wangu akiwa huko, na mazishi yalipita bila yeye. Tangu hapo Mama hakutaja tena jina lake. Alimwita "ule wa kule." Simu yake ikiita, Mama alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni.

Kwa hiyo niliharakisha kuchomeka disque dur kwenye televisheni kabla hajabadili mawazo. Kioo kikaandika kwamba hakitambui kifaa. Nikachomoa, nikachomeka upya. Vilevile.

"Haiko mule?" Mama akauliza.

"Iko, Mama. Televisheni njo inakatala kuisoma."

"Pengine Mungu hapendi niione."

Mama mdogo, aliyekuwa amekuja kutoka Likasi kutusalimia, akamkatiza dada yake mkubwa. "Yaya, acha Mungu. Ni mashine tu."

Nikaleta kompyuta yangu. Yenyewe iliisoma bila shida, ingawa kioo chake ni kidogo mno kwa macho ya Mama, na hapo nikajua tatizo liko wapi. Disque dur ilikuwa imefomatiwa kwa mfumo ambao televisheni yetu, ya zamani kidogo, haikuujua. Ilibidi niifomati upya kwa mfumo mwingine, na kufomati ni kufuta kila kitu kilichomo. Nilifuta mafaili yangu ya shule ili nafasi ipatikane, nikaanza kunakili ile misa kwenye kompyuta. Mstari wa kijani ulisogea taratibu. Mama alikuwa akitazama nje, magari ya mgodi yakipita na vumbi lake.

Kunakili kulipokwisha, nikabonyeza pa kufomati. Likatokea onyo kwa Kifaransa, na Mama mdogo akalisoma kwa sauti, kisha akalitafsiri: vyote vitafutwa.

Mama akageuka. "Unafuta mutoto?"

"Hapana, Mama. Nimeshamuweka mu kompyuta."

Nilisema hivyo kwa ujasiri nisiokuwa nao. Nikabonyeza. Nilichagua mfumo uitwao FAT32, kwa kuwa karibu kila televisheni inaujua, kisha nikaanza kurudisha video. Kompyuta ikakataa papo hapo: faili ni kubwa mno. Nilikuwa nimesahau kwamba mfumo ule haupokei faili moja linalozidi gigabaiti nne, na misa ya kule ilizidi hapo kwa mbali. Ulibaki mfumo wa NTFS, unaopokea mafaili makubwa. Kama televisheni ingeukubali au la, sikujua. Nikafomati tena, nikaanza kunakili tena.

Hapo umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo na yenyewe ikazimika palepale. Disque dur ilikuwa tupu, na nakala pekee imo ndani ya kompyuta iliyozimika katikati ya kazi.

Mama akasimama, akafungua kitambaa. "Niko na mboga ya kupika."

"Yaya, kaa kidogo," Mama mdogo akamsihi.

Hakukaa. Tulimsikia uani akimimina maji, akiosha lengalenga. Mimi nilibaki sakafuni, mkono juu ya kompyuta kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Niliwaza nitamwambia nini mdogo wangu. Niliwaza pia kwamba leo Mama amekubali, na kesho hatakubali.

Umeme uliporudi, kompyuta iliwaka kwa uvivu wake wa siku zote. Faili lilikuwapo. Nikanakili tena bila kuondoa macho, nikachomeka kwenye televisheni, na safari hii jina la video likatokea.

"Mama! Kuja!"

Alikuja na mikono inayodondosha maji, akasimama bila kukaa. Kanisa jeupe likajaza kioo, kwaya ikaimba. Mdogo wangu akapita katikati, amevaa nyeupe.

"Amekonda," Mama akasema.

Kisha padri wa kule akaita wazazi waje kumbariki. Kutoka benchi la mbele wakainuka wazee wawili wazungu, mume na mke. Yule mama akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mdogo wangu, akawa analia. Mimi mwenyewe sikuwa nimeambiwa.

"Simamisha," Mama akasema.

Nikasimamisha. Ile mikono ikabaki pale kichwani.

"Ule mama njo nani?"

"Sijue, Mama."

"Mupigie simu."

Uso wa mdogo wangu ukatokea kwenye simu. "Yaya, kuko nini? Mama anagonjwa?"

Nikampa Mama simu. Hakumsalimia. "Ule mama mwenye alikutia mikono mu kichwa, njo nani?"

"Anaishi karibu na nyumba yetu ya masista. Padri aliuliza wazazi wangu wako wapi. Nikasema papa alikufa, mama iko mbali. Njo ule mama akasema atasimama."

"Mbali," Mama akarudia. Nilifikiri atakata. "Papa yako alikuita mpaka mwisho."

"Ninajua. Niliomba kuja, Mama. Karatasi zilichelewa. Nilitaka kukuambia, ukakatala simu. Kila siku ulikatala."

Mama mdogo alikuwa ameziba mdomo kwa kipande cha kitenge.

"Inamisha kichwa," Mama akasema.

Tuliona kitambaa cha utawa, kisha dari ya chumba cha mbali. Mama aliweka kiganja chake chenye maji juu ya kioo cha simu, akasema maneno ya baraka kwa Kiluba, lugha ya kwao, ambayo mimi nilifahamu nusu tu, yale ambayo mama yake mwenyewe alimwambia siku Mama alipoondoka kwao. Mwishoni akamwita mdogo wangu kwa jina.

Halafu akaketi, akanirudishia simu. "Anzisha tena. Na yeye asikate."

Nikaanzisha. Niliishika simu ikielekea televisheni ili mdogo wangu aone tulipofika, na Mama akawa anauliza kila uso unaopita. Huyu nani? Na huyu? Anapika nani pale kwenu? Mdogo wangu alijibu moja moja, mara anacheka, mara sauti inakatika, mpaka mkono wangu ukaanza kuuma na Mama mdogo akanipokea ile simu.