Dumu la Suluhu Nililibeba Mimi

Admin, jina langu na la kijiji changu naomba yabaki kwako. Mimi ni mama wa miaka 38, nina watoto wanne, tunalima huku Kibondo upande wa Mabamba. Najua humu kuna wenye midomo. Nichambeni tu, nimestahili, ila mkimaliza mnipe mawazo maana yangu yameisha.

Mume wangu ana dada yake mkubwa, wifi yangu, anakaa Kasulu mjini. Ndiye aliyemlea mume wangu wazazi walipofariki, na hata shamba tunalolima yeye ndiye aliyetuachia. Kwetu akisema, limesemwa. Mwaka juzi alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu: "Wifi, nitafutie binti mtulivu wa kulea mtoto kwa rafiki yangu. Ni watu wa sala. Jioni atasomea cherehani. Usiniletee mjanja mjanja, hao wasumbufu." Hilo la mwisho sikulitilia maanani. Nilikuwa nimefurahi kwamba safari hii kanituma mimi, maana siku zote alikuwa ananiona si lolote.

Nikaenda kwa jirani. Binti yao nitamwita Jeni, si jina lake, alikuwa na miaka 19, hana mama. Nikamwekea baba yake ile sauti akaisikiliza mara mbili. Mzee akasema, "Kama ni kwenu, mwache aende." Jeni nilimsuka mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, wifi akaja kumchukua wakaondoka.

Hakukuwa na mtoto wa kulea wala cherehani. Alipelekwa machimboni, kwenye mgahawa, anapika na kufua tangu alfajiri, mshahara hajawahi kuuona. Simu walimnyang'anya siku ya kwanza. Akiomba kurudi anaambiwa aliyekuleta ndiye mwenye ruhusa ya kukuondoa, na wifi akipigiwa hapokei. Sisi huku tulikuwa tunaambiwa, "Yupo, kanenepa, hataki tu kuongea na nyie." Tukaamini, tena tukamsema kwamba kajiona. Mwaka na miezi kadhaa ikapita hivyo, mpaka alipoungua mkono na mafuta wakampeleka zahanati. Nesi mmoja alimuuliza kwa upole, akarudia kumuuliza, akafunguka. Watu wa ustawi wa jamii ndio waliomrudisha nyumbani.

Jeni aliyerudi siye niliyemsuka. Hataki mlango ufungwe akiwa ndani, hata mvua ikinyesha. Ukimwita jina anasimama haraka kama kaitwa kazini. Na watu wetu, Mungu atusamehe, wanaulizana kisimani, "Mbona karudi mikono mitupu?"

Sasa kosa langu kubwa ni hili. Sisi Waha tuna namna yetu ya kumaliza mambo. Mkosaji anapeleka pombe ya ndizi kwa aliyekosewa, wazee wanakaa, pande mbili zinakunywa chombo kimoja. Mkishakunywa jambo limekufa, na atakayelifufua yeye ndiye anakuwa mkosaji. Wifi akaomba suluhu. Mume wangu akasema niiandae. Nikakamua ndizi, nikapika pombe, nikabeba dumu kichwani mpaka kwao Jeni. Wallahi niliona nawasaidia, nikidhani binti atapumzika na maneno ya watu. Baba yake akanywa. Jeni mwenyewe hakuna aliyemuuliza kitu. Alikuwa amekaa mlangoni, akanitazama nikitua lile dumu, akasema, "Na wewe, mama?" Basi. Hajawahi kuniongezea neno juu ya hilo.

Afisa ustawi alikuja baadaye. Akatuambia pombe haifuti kosa, kuuza mtu kwa kazi ni jinai, na anayetafutiwa kazi na ndugu ndiye anayenaswa kirahisi kwa sababu hakuna anayeuliza maswali. Anataka kitu chochote kinachoonyesha nani alimtafuta Jeni. Baba yake akajibu, "Nilishakunywa, siwezi kutapika." Wifi kwa upande wake anasema binti alitoroka nyumbani kwa baba yake akajitafutia kazi machimboni mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, ile sauti ninayo kwenye simu, sikuitoa.

Mume wangu anajua kwamba ile sauti ninayo. Aliniambia, "Ifute. Ukiitoa umemfunga dada yangu, na wewe mwenyewe umo, kwa sababu binti ulimtafuta wewe. Na ukitoka hapa unatoka bila watoto." Nikamwambia nimeifuta. Sijaifuta. Kila siku nampelekea Jeni maharage tunapukuchua pamoja, ananipokea vizuri tu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Juzi alisema bila hata kuinua macho, "Wakisema nilitoroka, nani atasema sivyo?" Nikaendelea kupukuchua.

Ningeweza kuishi na aibu hiyo, nasema ukweli wangu. Lakini Jumanne sokoni alinifuata mama mmoja wa kijiji cha Kumsenga, simfahamu. Akataja jina la wifi yangu, akasema kamwahidi mabinti zake wawili kazi ya kulea watoto, jioni watasomea cherehani. Maneno yale yale. Akaniuliza, "Dada, huyu mama unamjua? Ni mtu wa kuaminika?"

Mdomo ulikuwa wazi. Jibu lilikuwepo. Nyuma yake, kwenye kibanda cha chumvi, mume wangu alikuwa anatutazama. Nikasema, "Ni wifi yangu."

Yule mama akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. "Ah, kama ni wifi yako basi sina wasiwasi."

Mabinti wanaondoka Jumamosi. Namba ya yule mama sina, Kumsenga najua njia ya kufika tu, nyumba yake siijui. Nikienda nitakosa wanangu, pengine na mimi nifungwe. Nisipoenda, nimewatoa mimi hao wawili, kwa neno moja. Ndugu zangu, msinifariji. Niambieni nianzie wapi, na mniambie kabla ya Jumamosi.