Maziwa Kwenye Kidonda Kimoja

Juzi kwenye kliniki ya ngozi hapa Nyeri, nikingoja zamu yangu na mlango wa daktari ukiwa wazi, mama mmoja aliingia akimvuta mumewe kwa mkono wa koti. Akamvua kofia bila kumwomba ruhusa. Upara ulioivishwa na jua la mashamba ya Mwea ulikuwa na vidonda viwili, kimoja kikinuka maziwa lala, yale yaliyochachuka.

"Redio ilisema ati wataalamu wanajaribu kitu ya kutoka kwa maziwa, iue kansa ya ngozi," mama akaeleza. "Na mimi niko na ng'ombe."

"Hiyo ni protini wamechuja, mama. Bado iko kwa chupa za maabara, haijafika kwa kichwa ya mtu," daktari akasema. "Lakini mbona umepaka kidonda kimoja tu?"

"Dawa mpya ya kupe unajaribu na ng'ombe moja kwanza. Ukipaka zote, utajuaje ni dawa imefanya kazi?"

"Na imefanya?"

"Vidonda zote zimekua sawasawa. Maziwa imeshindwa. Leta kisu."

Mzee akashika kichwa kwa mikono miwili.

Nimewasikiliza wauza dawa wa soko la Karatina miaka mingi, na vipaza sauti vyao. Sijamwona hata mmoja aliyethubutu kuacha kidonda kimoja bila kukipaka.