Vikapo vya Dote ya Esperansi

Enzi zetu pale Mapendo, mtaa wa Goma, mtoto hakuachwa akae bure. Ukionekana umetulia juu ya mawe meusi ya uzio, unatafuna muwa wako, mama yeyote wa avenyu alikuwa na haki ya kukutuma maji, makala ya jiko, au kuomba moto kwa jirani. Siku hizi ukimtuma mtoto, anainua macho kwenye simu na kukuuliza kwa nini usimwite motari na pikipiki yake. Sisi ndio tulikuwa motari.

Kwetu kazi ya likizo ilikuwa vikapo. Shangazi Konsilata, dada mkubwa wa baba, alikuwa ametoka Rutshuru akaja kuishi nasi, na mikono yake haikujua kupumzika. Alishika fungu la nyasi ngumu, akalizungushia majani laini yaliyotiwa rangi, akatoboa kwa msumari ulionolewa, akashona duara juu ya duara mpaka kikapo kikasimama chenyewe. Sisi wasichana tulikaa mkekani karibu naye, tukilowesha majani yasikatike. Yalinuka kama uji wa mtama uliosahauliwa jikoni, na mpaka leo nikiisikia harufu hiyo nafurahi. Ukishona legelege, shangazi alikurushia maji usoni.

"Kaza, mutoto! Tunashona kikapo, hatushone chujio!"

Dada yangu Esperansi akapata mchumba, kijana wa Masisi. Siku ya dote, yaani siku ya mahari, wasichana wa nyumbani walipaswa kupanga mstari na vikapo vya mfuniko kichwani, ndani unga na maharage, wavikabidhi kwa wakwe. Shida ni kwamba mama wa yule kijana alikuwa mwenyewe msusi wa vikapo, tena msusi wa kusifika. Shangazi aliagiza majani mazuri kuliko yote kutoka Rutshuru, yakaja juu ya minibasi. Akayatia rangi nyekundu na nyeusi, akayatandaza juu ya uzio yakauke, nasi tukaenda kanisani.

Tuliporudi, mbuzi wa jirani alikuwa amesimama juu ya uzio, midomo myekundu kama bibi harusi. Majani laini yote yalikuwa yamekwisha. Alibakiza nyasi ngumu tu.

Shangazi alikaa chini. Esperansi akaanza kulia.

"Sasa bakwe tutabaonyesha nini?" shangazi aliuliza. "Tutabaambia kama vikapo vyabo viko mu tumbo ya mbuzi?"

Siku zilizobaki zilikuwa chache, na njia ya Rutshuru ilikuwa imekatwa na mvua. Mama ndiye aliyechukua mfuko mtupu wa mchele, akaanza kuuchambua pembeni kimyakimya. Mfuko ule ukaachia nyuzi ndefu, bapa, nyeupe zinazong'aa. Akampa shangazi uzi mmoja.

"Jaribu na iyi, shangazi."

"Plastiki? Mu dote?"

"Mbuzi haitaikula."

Shangazi alicheka huku machozi yanamtoka, akauzungusha ule uzi juu ya nyasi. Ulishika vizuri. Basi sisi watoto tukatumwa avenyu nzima kuomba mifuko: ya mchele, ya sukari, ya vitunguu, ile myekundu yenye matundu. Tulifika mpaka mtaa wa Murara kwa Papa Ramazani, muuzaji wa mabalo, yale marobota ya mitumba, kuomba zile kamba ngumu za rangi zinazofungia mabalo.

"Muko munafanya nazo nini?" aliuliza.

"Vikapo ya dote, papa."

Alitutazama kwa huruma, nadhani aliamini nyumbani kwetu kuna mgonjwa wa akili, lakini akatujazia mikono. Kamba zile ndizo tulizozungushia mdomo wa vikapo, zikatoa ukingo wa buluu na kijani ambao Rutshuru haijawahi kuuona. Majirani walikuja kutazama wakaishia kushona. Ua wetu ulijaa wanawake, vicheko na vipande vya plastiki vilivyotuganda kwenye nywele.

Siku ya dote nilikuwa wa kwanza kwenye mstari, shingo imekakamaa kwa woga. Mama mkwe alipokea kikapo changu. Hakuangalia unga. Alikigeuza kitako juu, unga ukamwagika kitengeni kwake, akapitisha kucha kati ya mishono.

"Nani alishona iyi?"

"Ni miye, na batoto," shangazi alijibu, sauti imefifia.

"Ndani ni nyasi?"

"Ni nyasi. Inje ni mifuko."

Mama mkwe aliondoka kwenye viti vya wakwe, jambo lisilofanyika, akaenda kukaa mkekani kwa shangazi. "Unionyeshe vile munakata iyi kamba," akasema. Wazee wakaendelea kujadiliana habari za ng'ombe, na wale wawili hawakuwasikia tena. Esperansi, aliyekuwa amefichwa chumbani, alicheka kwa sauti mpaka akanyamazishwa.

Leo vikapo vya namna ile viko kila mahali Goma. Wageni wanavinunua, vijana wanaviita vya kisasa, wanashona mpaka kwa sashe, vile vifuko vya maji, na vitambaa vya soko. Ni vizuri kweli, sitawaonea wivu. Binti yangu naye anashona, na mshono wake ni mnyoofu kuliko wangu. Amejifunza kwenye simu, peke yake, mlango umefungwa, vidude masikioni.

Juzi niliingia nikakaa karibu naye. Alitoa kidude kimoja, akaniwekea sikioni. Nikamsikia mwanamke anafundisha kwa Kifaransa, polepole, kwa utulivu mkubwa. Ni mwalimu mzuri. Binti yangu akakosea mshono, nikangoja yule mama wa kwenye simu amkemee, amrushie maji usoni. Akaendelea tu kufundisha.