Chumba cha Kona Sokoni Lunga Lunga

Mwaka wa 1976, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na taabu ikaanza. Mamangu alikuwa mke mkubwa. Mke mdogo naye alikuwa na mtoto wa kiume, mdogo wangu kwa miaka miwili. Kwetu Wadigo mtoto hutazamwa na mjomba. Yeye alikuwa na mjomba kule Matuga, mtu wa ofisini, akamchukua akamsomesha. Mamangu hakuwa na kaka. Nikaacha shule darasa la pili, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu Kinango. Tangu siku ile namwonea kijicho ndugu yangu yule, wala sioni haya kulisema.

Nilijikokota mwenyewe. Nilivuka mpaka wa Lunga Lunga, nikaajiriwa upande wa Tanzania kukata mkonge, nikapanda hadi unyapara mkuu. Asubuhi navuka, jioni narudi kulala kwangu. Na nani alikuja kuniomba kazi alipopunguzwa hotelini Diani? Huyo huyo msomi wa mjomba. Nikamwombea kwa meneja, akawekwa ghalani kupima marobota. Mimi juani, yeye kivulini, na ni mimi niliyemleta.

Sasa, sisi tunaovuka tuna desturi yetu. Kodi ya mshahara hukatwa kule kule, kabla hujaushika. Huku nyumbani, kila Juni twaenda saiba, duka la kompyuta pale stendi, msichana wa saiba anatujazia sifuri kwenye fomu ya kodi, yaani hatuna pato, kisha twaenda zetu kunywa chai. Mbuzi hachinjwi mara mbili. Nilijaza hivyo miaka na miaka, hakuna aliyenigusa.

Ndugu yangu akaja na yake. Mwaka wa kwanza tu akafika saiba na karatasi ya meneja, inayoonyesha mshahara wake wote na kodi aliyokatwa kule, akataka ijazwe kama ilivyo. Foleni nzima ikacheka.

"Bwana we," akasema mkata mkonge mmoja wa Vanga, "wenzako wanakimbia kisu, wewe unakiletea shingo?"

"Kilichokatwa kule kinahesabiwa huku," akajibu ndugu yangu, taratibu. "Mimi ni raia wa huku na nalala huku. Natakiwa niseme." Kisha akanigeukia mbele za watu. "Shikamoo, kaka. Lete nawe zako, nikusaidie."

"Marahaba. Unisaidie nini? Nimekutoa hotelini na sinia mkononi!"

"Na sinia nilirudisha, kaka."

Watu wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Nikanuna. Mwaka mzima nilitega sikio nisikie kwamba amekatwa mara ya pili. Wallahi, sikusikia.

Kisha kaunti ikajenga soko jipya kando ya barabara ya mpakani. Vyumba vyote vyatazama ndani, ila kimoja cha kona. Hicho chatazama barabara, na kila lori linalongoja kuvuka lasimama mbele yake. Nilikitaka chumba kile kama mwenye kiu atakavyo maji. Niuze misumari, saruji na mabati, niachane na miiba kabla magoti hayajaachana nami. Jioni nilikuwa napita kuugusa ukuta wake. Halafu nikasikia ndugu yangu naye amekiomba, ili mkewe auze vitenge. Chakula kikanishinda.

Kila mwombaji alitakiwa awe na cheti kwamba amenyooka kwa kodi. Nikavaa kanzu na koti, nikaenda ofisi ya kodi. Na ili wajue wanazungumza na nani, nikamtandikia afisa mezani barua ya meneja: nyapara mkuu, mwajiriwa wa miaka mingi. Afisa alikuwa mama wa bara, mwenye adabu lakini mkavu. Akaisoma, akatazama kompyuta.

"Hongera, mzee. Lakini hapa umejaza kwamba huna pato lolote. Cheti nimwandikie nani, huyu nyapara ama huyu asiye na kitu?"

"Mama, kodi nimelipa. Nimelipa kule."

"Kule wanajua. Sisi hukutuambia."

Akanitaka nirekebishe miaka yote, kwa karatasi za kule za kila mwaka. Na karatasi za zamani, meneja hakuzipata upesi. Nilipopata cheti, kona ilikuwa imekwisha kutolewa. Huhitaji kuuliza kwa nani.

Alikuja kwangu mwenyewe, akavua viatu mlangoni. "Kaka, chumba ni kikubwa. Weka misumari upande mmoja, shemeji yako aweke vitenge upande wa pili."

"Misumari yangu haikai chini ya vitenge," nikamwambia. "Kunywa kahawa, uende."

Akanywa, akashukuru, akaenda. Hata kuondoka kwake kulikuwa na adabu, na hiyo nayo ilinichoma.

Leo nina nyumba ya mawe, vyumba sita, bati juu. Nina shamba la minazi na kisima kisichokauka. Nina ng'ombe Kinango, wangu, wanaochungwa na mtu ninayemlipa. Nina pikipiki. Nina cheti cha kodi, nimekitia fremu. Nina duka sokoni, chumba cha ndani, jirani na muuza papa mkavu. Mlango wangu watazama ukuta wa nyuma wa chumba cha kona. Hicho si changu.