Magharibi ya Mpira wa Mwisho

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa masikio ya kusikia redio na adhana, kisha akanipa umri wa kuyasimulia.

Enzi zetu hapa Likasi, kriketi tuliijua kwa masikio tu. Baba yangu, dereva wa lori, alikuwa na rafiki mwenye duka la vitambaa, Bwana Yusufu, mzaliwa wa Bara Hindi. Jioni watu walijazana dukani kwake, kwenye redio ya mawimbi mafupi, naye akitufasiria Kiingereza. Mwaka ule timu ya kwao ilikwenda Uingereza kucheza mechi tano na wenyeji, kila mechi siku tano.

Walikuwa na mrushaji mmoja wa kasi. Jina lake lilitushinda kutamka, tukamwita Mwadingusha, kwa nguvu ya maji ya bwawa letu la jina hilo. Mechi ya kwanza aling'oa vile vijiti vitatu ambavyo mpigaji huvilinda nyuma yake, na kijiti kiking'oka mpigaji hutoka, wakashinda. Ya pili aliumia mguu, wakashindwa. Ya tatu alirusha akichechemea, wakashindwa tena, na Bwana Yusufu alifunga duka saa nane mchana. Ya nne alirudi na bandeji, akawamaliza Waingereza. Mbili kwa mbili. Nasi watoto, tuliokuwa tukirusha mpira wa raba na magunia kuanzia kwenye kichuguu, sote tulichechemea wiki nzima, wazima wa miguu.

Wiki ya mechi ya tano muadhini wetu aliugua, na imamu akanikabidhi adhana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alinifulia kanzu kila siku. Baba aliniambia neno moja tu: "Umeshika saa ya watu. Usiichezee."

Siku ya mwisho, Waingereza walibakiwa na mpigaji mmoja. Akitoka, tumeshinda. Akivumilia mpaka muda uishe, hakuna mshindi. Jua nalo lilikuwa linazama. Papa Tshibangu, jirani yetu Mkristo kutoka Kasai, karani wa mgodi, aliwashangilia Waingereza kwa uchokozi tu.

"Weye Yusufu, ule muntu yako amechoka! Atalala mu uwanja!"

"Nyamaza, Papa Tshibangu! Anakuja tena."

Redio ilikoroma. Mwadingusha alikimbia, akarusha, mpira ukapita karibu na kijiti kiasi cha unywele. Watu wakashika vichwa. Nilichungulia nje: ukingo wa jua ulikuwa umebaki mwembamba kama kipande cha chungwa. Bwana Yusufu aliniona.

"Mwanangu," alisema polepole, "dakika mbili tu."

Nilimtazama Baba. Alitazama sakafu. Laiti angeniamuru! Magharibi wakati wake ni mfupi, na mimi nilitaka ule mpira kuliko mtu yeyote mle dukani. Nikasimama. Miguu ilikuwa mizito kama ya Mwadingusha mwenyewe. Nikavuka barabara, nikapanda ngazi za msikiti, nikatia vidole masikioni, nikaadhini.

Nilipomaliza, mlangoni pa duka hapakutoka mtu. Nikadhani nimemuudhi kila mmoja. Kisha akatoka wa kwanza, Bwana Yusufu, miguu mitupu, viatu amevisahau.

Baada ya sala tulirudi mbio. Papa Tshibangu alikuwa amebaki kulinda redio.

"Balipiga makelele!" alituambia. "Makelele sana!"

"Ya furaha ao ya huzuni?"

"Minye sijue Kingereza, Yusufu! Balipiga makelele, kisha redio ikakufa."

Giza lilipoingia mawimbi yalihama, kama kawaida yake, na hatukupata tena kitu. Tulingoja siku kumi na tatu. Kila mteja alimwomba Papa Tshibangu aige yale makelele, na kila siku yalizidi kuwa makubwa. Mimi sikulala vizuri. Hatimaye Baba akaleta gazeti la ng'ambo kutoka Lubumbashi. Bwana Yusufu alilisoma amesimama. Kijiti cha katikati kiling'oka, dakika chache kabla ya muda kuisha. Aliweka mkono kichwani pangu, akilia.

"Wakati ule sisi tulikuwa tumesujudu," alisema.

Juzi mjukuu wangu Hamisi alikuwa akitazama kwenye simu mfululizo wa mechi wa mwaka huu, mrushaji wa kasi akitafuta mpigaji wa mwisho. Adhana ya magharibi ikalia. Nilinyamaza, kama Baba alivyonyamaza. Kijana akavua vile vidude vya masikioni. "Babu, twende. Nitaiangalia nikirudi."

Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Tuliporudi, mpira ulikuwa unamngoja mle simuni. Akautazama mara tatu, polepole, akinionyesha kijiti kikiruka. Simdharau, sala yake ni sala. Ila wao wanachokiacha, wanakikuta. Mpira wetu haukutungoja, nimezeeka na bado sijausikia.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujalie wepesi wa kusimama unapoitwa, na akuhifadhie kwake kila ulichokiacha kwa ajili yake. Amina.