Ukoo wa Mkamata Nzi

Mchora vibao wa mtaa wetu, hapa Mji wa Kale, haandiki jina la mtu kabla ya kuuliza, "Wa ukoo gani?" Huuliza kwa sauti ya chini, kama anayebembeleza mtoto, na vidole vyake vina rangi hata siku ya Idi. Asubuhi hii nilimkuta macho yamemlegea, akiipaka ramani ya Afrika kwa ncha ya kidole: kijani kusini mwa Sahara, kikiteremka polepole mpaka pwani yetu, kote anakoonekana yule ndege mkamata nzi mwenye mkia mrefu. Kidole kilikwenda kama kinaota. Ndipo Dama, karani wa bustani iliyoagiza kibao, akaja kumwambia afute jina la ukoo wa ndege huyo.

"Fundi, wataalamu wamemhamisha. Hahesabiwi tena ukoo mmoja na wakamata nzi wengine."

Kidole kikasimama. Mtaani kwetu watu wamesusiana harusi kwa neno dogo kuliko hilo. Akalipitishia jina la zamani rangi nyeupe, nyepesi mno, ukiinama bado unalisoma. Kisha akauliza taratibu, "Na mwenyewe keshaambiwa?"